Kadi ya Michoro na Ulinzi wa Kiini cha Mfumo Endeshi

Kiini cha mfumo endeshi hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kichakataji na huzuia programu moja isiingilie nyingine. Programu ikitaka kutumia kifaa, sharti ipitie kwake. Kwa miaka mingi kadi ya michoro haikufuata sharti hilo.

X Window System, iliyoanzia MIT mwaka 1984, ina seva inayochora madirisha kwa niaba ya programu nyingine. Kwenye Linux na jamii ya BSD, seva hiyo iliiendesha kadi yenyewe: iliandika moja kwa moja katika rejista na kumbukumbu ya kadi. Ili iweze kufanya hivyo, ilipewa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Hivyo programu kubwa, inayopokea maombi ya kila dirisha, ilikaribia kuwa na nguvu sawa na kiini.

OpenBSD, mfumo unaotanguliza usalama, uliuziba mlango huo na kuacha upenyo mdogo unaofunguliwa kwa mpangilio wa machdep.allowaperture. Hata upenyo huo ulitosha kuleta hatari. Mwaka 2006 mtafiti Mfaransa Loïc Duflot alionyesha kwamba mwenye ruhusa za seva ya X angeweza kukitawala kiini. Vichakataji vya x86 vina hali ya SMM, yenye mamlaka makubwa kuliko kiini, na hifadhi yake hujificha nyuma ya anwani za video ya zamani, kuanzia 0xA0000. Pale ambapo hifadhi hiyo haikufungwa kwa kufuli ya maunzi, aliyefikia eneo la video na milango ya kifaa aliweza kupandikiza humo msimbo wake.

Kuhamishia michoro yote ndani ya kiini nako kuna gharama. Windows NT 4.0 ilifanya hivyo mwaka 1996 ili kuongeza kasi, na sehemu hiyo, win32k.sys, ikaja kuwa chanzo cha udhaifu mwingi wa kiusalama.

Suluhisho lililoshika mizizi ni kugawana kazi. Tangu Linux 2.6.29 ya mwaka 2009, kiini kilianza kuchagua chenyewe ukubwa wa picha kwenye skrini, huku kikigawa kumbukumbu ya kadi na kupokea amri zake. Kazi nzito ya kuandaa amri za kuchora hubaki nje, katika maktaba kama Mesa. Kwa mgawanyo huo, seva ya X iitwayo X.Org, toleo la 1.16 la mwaka 2014, iliweza kuendeshwa bila mamlaka ya mtumiaji mkuu.

Hatari mbili zimebaki. Kwanza, kadi inaweza kusoma kumbukumbu ya kompyuta bila kupitia kichakataji. Kizuizi chake ni IOMMU, saketi inayoipangia kadi kurasa za kumbukumbu inazoruhusiwa kuzigusa. Pili, viendeshi vya michoro ndani ya kiini ni vikubwa mno, na kosa moja humo ni kosa la kiini. Ndiyo maana kiini hubakiziwa kazi za ulinzi na ugawaji, na kila kinachoweza kufanyika nje hufanyika nje.