Hatari Iliyo Juu ya Droni na Kazi ya Mwangalizi

Kamera ya droni, yaani ndege ndogo inayoongozwa na rubani aliye ardhini, kwa kawaida hutazama mbele au chini, hivyo rubani aliyeikodolea macho skrini anaweza kuliona kila bati la paa analolikagua asiuone waya wa umeme uliopita juu ya chombo chenyewe. Upungufu huo huzidi kuwa hatari droni inapopaa wima, kwani huelekea pale pale ambapo kamera haioni. Vitambuzi vya vizuizi, ambavyo hupima umbali kati ya droni na kitu kilicho karibu, husaidia penye ukuta, lakini mara nyingi havigundui waya mwembamba. Ndiyo maana marubani huhimizwa kutafuta nguzo kwanza, na wakiona mbili wachukulie kwamba kati yake pana waya, hata kama hauonekani.

Nchini Marekani, kanuni za droni za kibiashara zilizoanza kutumika Agosti 2016, zijulikanazo kama Sehemu ya 107, humbebesha rubani mkuu mmoja dhamana ya safari nzima, na humtaka awaeleze wahusika wote, kabla ya kuruka, majukumu yao, hatari zilizopo na hatua za dharura. Mwangalizi, ambaye kazi yake ni kuifuata droni kwa macho yake mwenyewe, si lazima katika kila safari. Lakini akitumiwa, ni sharti yeye na rubani wawasiliane muda wote.

Maneno ya mawasiliano hayo huachiwa kikosi chenyewe, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Agizo la "kushoto" hupotosha droni inapomwelekea rubani, kwa kuwa kushoto kwake huwa kulia kwa chombo. Ni salama zaidi kutaja alama ya ardhini, kama vile mto au barabara. Neno "simama" likubaliwe kumaanisha kuelea papo hapo, na rubani alirudie kwa sauti ili mwangalizi ajue kwamba limesikika.

Mpango wa safari uhusishe pia kupotea kwa mawimbi ya redio, kwa sababu droni nyingi zikikatikiwa hupanda hadi kimo kilichowekwa kabla ya kurejea, na iliyo chini ya matawi au nyaya huweza kuyagonga; inapofanya kazi mahali kama hapo, yafaa ipangiwe kuelea au kutua.

Hata hivyo, maneno hayafai kitu ikiwa msemaji anaogopa. Desemba 1978, ndege ya abiria iliishiwa mafuta karibu na Portland, Oregon, na watu 10 wakafa, rubani mkuu akiwa ameshughulikia hitilafu ya magurudumu huku wenzake wakishindwa kumsisitizia hali ya mafuta. Ajali hiyo ilichangia kuzaliwa kwa mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege. Kwa kikosi cha droni, funzo lake ni kwamba mwangalizi, hata akiwa mwanagenzi, apewe haki ya kusimamisha safari, na sababu iulizwe baada ya droni kusimama.