Bunduki ya Hewa ya Bei Nafuu: Izoeshe Kwanza, Usikimbilie Kuifungua

Bunduki ya hewa ya springi haina baruti. Ifikirie kama pampu ya baiskeli. Ukikunja mtutu au kuvuta mtaimbo wake, springi nzito inabanwa. Ukivuta kifyatulio, springi inaachiliwa, pistoni inaruka mbele, na hewa inasukuma kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5. Hata hivyo si kitu cha kuchezea watoto, maana inatoboa jicho mara moja. Kabla ya kununua, ulizia polisi habari za leseni.

Bunduki mpya ya bei nafuu mara nyingi hutoka kiwandani na mafuta mengi na vumbi la chuma. Mwenyewe akiona moshi, na virisasi vinaenda huku na huku, anasema, "Hii ni mbovu!" Anamwambia fundi aweke springi kali zaidi. Hapo ndipo anapoiharibu.

Kwa nini inatoa moshi? Hewa ikibanwa ghafla hupata joto kali. Mafuta yaliyozidi yanaungua, kama ndani ya injini ya dizeli. Mlio unakuwa mkubwa, lakini shabaha inapotea na springi inaumia. Basi fanya hivi:

1. Pangusa ndani ya mtutu kwa kitambaa safi mpaka kitoke bila uchafu.

2. Kaza skrubu za kitako. Mtikisiko huzilegeza, kwa hivyo ziangalie kila mara.

3. Piga virisasi 500 hivi kabla ya kubadilisha chochote. Moshi utapungua na pistoni itazoea njia yake.

4. Usifyatue bila kirisasi ndani. Hewa hukosa kizuizi, na pistoni inagonga chuma kwa nguvu zote.

5. Usitie mafuta ya injini wala ya cherehani kwenye tundu la hewa. Kama pistoni ina washa ya ngozi, itahitaji matone machache ya mafuta yaliyotajwa katika kijitabu chake, si zaidi.

6. Usiikabe. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi. Bunduki hii huruka nyuma na mbele kabla kirisasi hakijatoka mtutuni. Ukiibana, shabaha hubadilika kila mara.

7. Unapotia kirisasi, shikilia mtutu au mtaimbo kwa mkono mwingine. Kizuizi kikiteleza, vyuma hujifunga ghafla na kukata vidole.

Ikiwa baada ya hayo bado inakwaruza, mpelekee fundi anayeijua kazi hii. Springi imebanwa hata kabla ya kukoki. Ukichomoa pini bila kifaa cha kuishikilia, inaweza kukurukia usoni. Kazi ya fundi si kuongeza nguvu. Ni kulainisha kwa msasa kingo kali zilizobaki kiwandani, kuosha vyuma, na kupaka grisi ya molibdenamu kidogo tu.

Springi kali huongeza teke na ugumu wa kukoki, na pengine kesi pia. Kule Uingereza, bunduki ya hewa inayozidi futi-pauni 12, yaani karibu juli 16, huhitaji cheti cha silaha.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, usipime bunduki kwa mlio. Weka karatasi umbali wa mita 10, upige virisasi vitano. Vikikaribiana, kazi imekwisha, iache ilivyo.