Milima ya Gusii katika Picha Nyeusi na Nyeupe

Picha nyeusi na nyeupe hutegemea mwanga, kivuli na umbo, na kaunti za Kisii na Nyamira, nchini Kenya, huyapima mategemeo hayo vilivyo. Udongo mwekundu na majani ya chai, vitu vinavyotofautiana waziwazi machoni, huweza kutoka vyote kijivu kilekile. Dawa ni kichujio cha rangi mbele ya lenzi: chekundu hung'arisha udongo na kulitia giza anga la buluu, cha kijani hung'arisha majani.

Genge la Manga lipigwe asubuhi au jioni. Jua likiwa chini, mwanga wa pembeni huchora kila ufa wa mwamba; saa sita mchana ukuta huo mzuri huonekana bapa. Mjini Kisii, mawingu ya mvua ya alasiri ni neema, kwani hulipa anga uzito juu ya mapaa ya mabati.

Utamu zaidi uko Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Katika karakana ya mchongaji, karibu na dirisha, sanamu ambayo haijapigwa msasa huonyesha kila alama ya patasi. Weupe wa jiwe hilo huidanganya kamera, ikalififisha. Mpiga picha huongeza mwanga kidogo.