Wosha ya Shaba Inayoua Injini ya Prado

Chini ya kila nozeli ya injini ya Prado ya D-4D kuna wosha ndogo ya shaba, upana wake kama kifungo cha shati. Kazi yake ni moja tu: kuziba. Dizeli inapowaka ndani ya silinda, wosha hiyo ndiyo huzuia gesi ya moto isipenye pembeni mwa nozeli na kupanda juu. Ikichakaa, au fundi akifungua nozeli kisha akarudishia wosha ile ile ya zamani, gesi hupata upenyo. Kuanzia hapo injini nzima iko hatarini, na dereva anaweza kuendesha miezi mingi bila kushtuka.

Injini yenyewe ni 1KD-FTV, lita 3, silinda nne, iliyoanza kufungwa kwenye Prado mwaka 2000 na baadaye kuenea kwenye Hilux, Fortuner na Hiace. Ni injini nzuri. Imebeba madaktari, wahandisi, wakuu wa wilaya na watalii katika barabara zisizostahili kuitwa barabara. Lakini wosha zake zikivuja, masizi ya moto hupita hadi chini ya kava ya valvu, yanachanganyika na oili, na oili inageuka uji mweusi. Uji huo hushuka kwenye sampu na kuganda kwenye chujio ambalo pampu hunyonyea oili.

Sampu ya gari la namna hiyo ikishushwa, jambo huonekana kwa macho. Wavu wa chujio, ambao ukiinuliwa kwenye mwanga ungepaswa kuonyesha upande wa pili, umezibwa na masizi mazito yanayobanduka kwa ukucha. Pamebaki vitundu vichache vya kupitisha oili, na injini nzima inaishi kwa vitundu hivyo. Kinachowapoteza wengi ni kwamba oili yenyewe haijapungua. Kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa, mwenye gari anaridhika, kumbe pampu inavuta na haipati. Biringi za krenki zinakauka, zinasagika, na injini inanoki. Siku hiyo mazungumzo ya gereji si ya wosha tena, ni ya injini nyingine.

Dalili hutangulia, ila ni za chini chini. Asubuhi gari linawaka kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe. Pana mlio wa pumzi, chu-chu-chu, unaotoka juu ya injini na kufuata resi. Iliyo kubwa kuliko zote ni taa nyekundu ya oili: katika gari zima huzimika mara injini inapowaka, ila katika gari ambalo chujio limeanza kuziba hukawia sekunde kadhaa. Dereva anayeona taa hiyo ikikawia kila asubuhi asiendelee na safari ya Dodoma. Sampu ishushwe kwanza, chujio lisafishwe, na wosha zote nne zibadilishwe kwa mara moja. Ni kazi ya siku moja na vifaa vya bei ndogo.

Ndugu zetu wanaopenda magari ya Uingereza wana kisa chao. Land Rover Discovery 3 ilitoka mwaka 2004 ikiwa na dizeli ya V6 ya lita 2.7, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa Ford na kampuni ya Peugeot na Citroën, na kuundwa Dagenham, mashariki mwa London. Mwaka 2009 ikafuata ya lita 3.0, iliyoingia kwenye Discovery 4 na Range Rover Sport. Injini hizi ni tulivu na zina nguvu, lakini zimejijengea sifa mbaya ya krenki. Biringi huzunguka mahali pake, tundu la oili linaziba, na krenki inaweza kukatika vipande viwili gari likiwa mwendoni. Gharama inauma zaidi kwa sababu ya jinsi gari lilivyoundwa: kwa kazi kubwa za injini, mafundi wengi huona heri wanyanyue bodi yote kutoka kwenye chasisi.

Kwao Uingereza, muda wa kumwaga oili uliopangwa kwa injini ya lita 3.0 ulifika kilomita 26,000 hivi, au mwaka mmoja. Mafundi waliobobea katika magari hayo wamekuwa wakiwashauri wateja wao wasifike hata nusu ya umbali huo. Ushauri huo una uzito zaidi huku kwetu, maana Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Waingereza, na mengi ya magari hayo huletwa yakiwa yametumika. Gari linashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa na historia ya oili ya mtu mwingine, kisha linaingia kwenye foleni ya jua kali, ambako injini inazunguka saa nzima na kilomita hazisogei. Kwa gari la mjini la namna hiyo, kibandiko cha kilomita kinadanganya. Kilomita 5,000 hadi 7,000, kwa oili ya daraja ambalo kiwanda kimetaja na filta halisi, ndiyo hesabu ya busara. Anayesema ni ghali aulize kwanza bei ya krenki.

Baada ya oili, dizeli yenyewe. Katika injini za kisasa mafuta husukumwa kwenye nozeli kwa presha inayopita mara 1,600 ya ile ya hewa inayotuzunguka, kupitia vitundu vyembamba mno. Pampu inayofanya kazi hiyo haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayoipitia. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, ndiyo maana uchakachuaji huua pampu na nozeli kwa pamoja. Serikali zinalijua hilo: Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa katika bajeti ya 2011 ili yasiwe na faida kuchanganywa, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita Septemba 2018. Hata hivyo tahadhari inabaki kwa mnunuzi. Ni vyema kujaza kwenye kituo chenye wateja wengi, na kutunza risiti.

Nozeli iliyoharibika haiishii kukosesha nguvu. Ikidondosha dizeli badala ya kupuliza ukungu, moto hukaa mahali pamoja juu ya pistoni mpaka ipasuke au iyeyuke. Kwa hiyo taa ya maji kwenye filta ya dizeli si pambo: ikiwaka, kizibo cha chini ya filta kilegezwe na maji yamwagwe mpaka itoke dizeli tupu.

Vumbi nalo. Kati ya lango la Naabi na Seronera, ndani ya Serengeti, gari likifuata jingine linavuta unga wa mchanga kwa saa nzima. Filta ya hewa iliyopasuka kwa kupulizwa na kompresa kali, au iliyokaa upande, huruhusu unga huo kuingia na kusaga ringi na kuta za silinda. Injini inaanza kula oili na kukosa nguvu mlimani. Filta mpya ni nafuu kuliko ringi, wala haihitaji kuangaliwa na mtaalamu: pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta, na kikitoka na vumbi, pana njia ya panya.

Masika yana hatari yake. Bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam linapofurika, wenye mashangingi hujiona wana haki ya kupita. Maji hayashindiliki: yakiingia kwenye silinda, pistoni inapopanda hukutana na kitu kisichokubali, na mkono wa pistoni unapinda. Gari likizimika majini, lisipigwe stata hata mara moja. Livutwe nje, plagi za kupasha moto zitolewe, ndipo injini izungushwe ili maji yatoke.

Mwisho ni mkanda wa taimingi wa Prado hizo za D-4D. Dashibodi huwasha taa ya T-BELT, katika masoko mengi kwenye kilomita 150,000, na wapo wanaoizima bila kubadilisha mkanda. Kwa gari lililonunuliwa mkononi, ambalo kilomita zake huenda zilirudishwa nyuma, taa hiyo haiaminiki. Mnunuzi aombe risiti ya mkanda na ya wosha za nozeli kabla ya kutoa fedha. Asipoonyeshwa, ahesabu kwamba havijawahi kubadilishwa, na apunguze bei kwa kiasi hicho.