Mngurumo wa Mabomba Yasiyolingana

Miongoni mwa magari madogo ya mtumba yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa, ni machache yanayotambuliwa kwa sikio upesi kama Subaru Impreza yenye turbo, kwa maana mlio wake mzito, wa kukatikakatika, hufika kabla gari lenyewe halijaonekana. Kinachotatiza ni asili ya mlio huo. Haukubuniwa uwe pambo, bali ulitokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, mpangilio ambao watengenezaji wenyewe walikuja kuurekebisha katika magari ya soko la Japani, na ambao baadhi ya wenye magari hayo sasa hutoa fedha ili urudishwe.

Katika injini nyingi za magari madogo silinda husimama safu moja na pistoni hupanda na kushuka; katika injini ya Subaru, iitwayo boksa kwa kuwa pistoni zake husogea kama ngumi za bondia zinazogonganishwa na kuachana, silinda 4 hulala chali, mbili kulia na mbili kushoto. Moshi basi hutokea pande zote mbili, na hauna budi kukusanywa mahali pamoja ili uzungushe turbo, yaani feni ndogo inayoendeshwa na moshi huo huo na kuishindilia injini hewa zaidi. Katika manifoldi ya zamani, ambayo ndiyo mkusanyiko wa mabomba hayo, bomba la upande mmoja hulazimika kuvuka chini ya injini na kuwa refu kuliko la upande wa turbo, kwa hiyo ingawa silinda huwaka kwa vipindi sawa, mipigo ya moshi haifiki kwa vipindi sawa: miwili hukaribiana, pengo hufuata, kisha mingine miwili hukimbizana. Fundi aliyezoea magari haya huhitaji vidole viwili tu juu ya boneti kulieleza hilo, naye hugonga kama mpiga ngoma aliyechelewa nusu hatua na asiyejali kuchelewa kwake.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, Impreza za toleo la STI za Japani, na pia Legacy yenye turbo iliyotoka mwaka 2003, zilipewa mabomba yaliyolingana pamoja na turbo ya njia mbili, ambamo mipigo ya moshi hutenganishwa isisumbuane. Gari likawa jepesi kuitikia mguu, nao mngurumo ukafifia. Mnunuzi aliyekua akisikiliza mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo Colin McRae aliyashinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, huweza basi kupokea gari bora kuliko lile alilolitamani na bado akahisi kwamba amepunjwa. Fundi humweleza kwamba manifoldi ya zamani haioani na turbo ya njia mbili, kwamba zote mbili zitapaswa kubadilishwa, na kwamba atapoteza wepesi wa kuondoka katika mizunguko ya chini; akiisha kusema hayo yote, huifanya kazi hiyo. Ni nani kati yao anayekosea si rahisi kusema.

Raha yenyewe si ya sikio peke yake. Injini iliyolala huushusha chini uzito wa gari, na nguvu hugawanywa kwa magurudumu yote 4, hivyo kwamba kwenye kona za mteremko wa Mai Mahiu, lami ikiwa imelowa, gari hushika njia kwa utulivu ambao gari la kawaida la ukubwa wake halina. Lakini umbo lile lile ndilo linaloandika bili. Plagi, ambazo katika injini iliyosimama hufikiwa kutoka juu, hapa zimeelekea ubavuni, karibu na fremu, na kuzitoa ni kazi ya mikono iliyochubuka. Silinda hedi ni mbili, kwa hiyo gasketi za hedi nazo ni mbili, na mafundi wengi huona heri kuishusha injini nzima kuliko kuhangaika nayo ikiwa ndani. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na hapo mwenye gari huelekea Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wa Nairobi wangali wanaiita Grogan, kutafuta spea za mtumba au injini kamili. Hata tairi moja iliyopasuliwa na shimo huwa tatizo la tairi 4, kwani tairi mpya iliyo nene kuliko wenzake huifanyisha kazi difu ya katikati bila kupumzika mpaka iungue.

Hesabu hii inazidi kubana. Injini hiyo ya boksa, EJ20 yenye lita 2, iliagwa nchini Japani mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555, tarakimu zilizokuwa ubavuni mwa magari ya mashindano ya kampuni hiyo, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililopita miaka 8, zilizopo nchini ndizo zitakazorithishwa na kufufuliwa.

Ndiyo maana fundi husikiliza kabla ya kufungua nati yoyote. Huigusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, huubana mpini wake sikioni, na kuutafuta chini ya kelele ule mlio mwembamba wa beringi iliyoanza kulegea, sauti ambayo mabomba yasiyolingana huificha kuliko yaliyolingana. Naye mwenye gari, aliyelipia mngurumo, husimama kando akisubiri kuambiwa ni kipi kilichosikika.