Mafuvu mawili chini ya sakafu

Mwaka 1909, madaktari wa nafsi Sigmund Freud wa Vienna na Carl Jung wa Zurich walivuka bahari kwenda Marekani, walikoalikwa kuhutubu katika Chuo Kikuu cha Clark. Njiani wakawa wanasimuliana ndoto na kuzifasiri. Ndoto moja ya Jung ilitia doa urafiki wao.

Aliota yumo katika nyumba ya ghorofa asiyoijua, ila moyoni akajua ni yake. Juu palikuwa na sebule yenye fanicha za kale na picha za thamani. Akashuka ngazi, akakuta giza na sakafu ya matofali mekundu, na vyombo vya karne ya 15 au ya 16. Akafungua mlango mzito, akashuka tena hadi chumba chenye dari ya kuba na kuta za enzi za Warumi. Sakafuni pana bamba la jiwe lenye pete. Akaivuta, jiwe likainuka, na ngazi nyembamba zikampeleka pangoni: vumbi tele, mifupa, vigae, na mafuvu mawili ya watu. Akaamka.

Freud aling'ang'ania mafuvu. Ni ya nani? Alishuku kwamba Jung anamwombea mtu kifo. Jung hakukubaliana naye, lakini kwa kumstahi mzee wake akadanganya: ni ya mke wangu na shemeji yangu. Freud akaridhika.

Kwa Jung, nyumba nzima ilikuwa picha ya nafsi. Sebule ni fahamu za mchana. Kila anaposhuka anakuta tabaka kongwe zaidi, hadi pangoni kwenye urithi wa binadamu wote. Kufikia 1913 urafiki wao ulikuwa umekwisha.

Jung alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu aliitazama nyumba yenyewe. Hata hivyo ilikuwa nyumba ya Ulaya, ambako ya kale hukaa chini ya ardhi. Nyumba ya mawe ya Lamu huficha siri yake nyuma: mgeni huishia dakani au tekani, kumbi za mlangoni, kisha kuna ua, misana (vyumba virefu vinavyofuatana), na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani, penye zidaka, yaani vishubaka, ukutani. Aliyelelewa humo hana haja ya kushuka popote ili aifikie siri ya nyumba.

Ndiyo maana vijitabu vya ndoto vinavyotoa maana moja ya nyumba kwa kila mwotaji vinapotosha. Ukisimuliwa ndoto ya nyumba, usikimbilie kufasiri. Muulize mwenyewe kwanza: ni nyumba ipi, nani aliishi humo, na mlango gani ulikuwa umefungwa?