Rupia inayong'aa mno ni hasara kwa mnunuzi

Anayeanza kukusanya sarafu za kale katika eneo letu hukutana mapema na rupia ya fedha ya Wajerumani. Ilitolewa kuanzia 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1904 na serikali ya koloni, ikiwa na sura ya Kaiser Wilhelm II na kofia yake ya vita yenye tai juu. Muuzaji akiitandika nyeupe kama kijiko kipya, mnunuzi mgeni huona neema. Mkusanyaji mzoefu huona sarafu iliyosuguliwa, na hupunguza bei papo hapo.

Kwanza tazama kama uchakavu na mng'ao vinapatana. Mabawa ya yule tai na masharubu ya Kaiser ndivyo vilivyoinuka, hivyo huanza kulika. Yakiwa yamelika hadi kuwa bapa, sarafu hiyo ilizunguka mikononi miaka mingi na haiwezi kuwa bado na mng'ao wa kiwandani. Ikiwa imelika na bado inameremeta, kuna mtu aliyeisugua kwa majivu, dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba.

Kisha ishike kwa kingo chini ya taa moja, uigeuze polepole. Muhuri unapoigonga sarafu, madini hutawanyika kutoka katikati, na huacha vijistari vidogo mno. Hivyo ndivyo hufanya mwanga uzunguke juu ya sarafu mithili ya njiti za gurudumu la baiskeli. Iliyotiwa asidi hupoteza ngozi hiyo, na mwanga hubaki umetulia, mweupe, bila uhai. Iliyopigwa kitambaa huonyesha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Kioo cha kukuzia mara kumi kinatosha kuiona. Chunguza pia pembe za herufi: uwanja mweupe wenye uchafu mweusi uliojificha ndani ya herufi ni ushahidi mkubwa.

Kwa heller za shaba, macho yako yatosha. Shaba ya miaka 100 huwa ya kahawia. Ikiwa na rangi ya waridi kama waya wa umeme uliomenywa, imeoshwa.

Zile heller 20 za Tabora za 1916 zihukumiwe kwa namna yake. Zilipigwa wakati wa vita, kwa vifaa vya dharura, na nyingine zilitoka kiwandani zikiwa na herufi hafifu. Usizikatae kwa hafifu hiyo. Angalia rangi na mikwaruzo.

Je, iliyosafishwa haina thamani? Inayo, ila kwa hesabu nyingine. Rupia moja ina gramu 11.66, na fedha ni asilimia 91.7, yaani takriban gramu 10.7 za fedha halisi. Kwa mwaka usio adimu, anza kupatana kutoka kwenye bei ya madini hayo, si bei ya orodha ya wakusanyaji. Kampuni za Marekani za kupima sarafu, PCGS na NGC, zikibaini usafishaji wa kuharibu huuandika kwenye kasha na kuinyima sarafu daraja la namba.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba haijasafishwa na kwamba utairudisha ikibainika vinginevyo. Akisita, taja bei ya madini.